Kazi ya Kutoka Saa Kumi na Moja

Wiki jana niliwaacha kando ya kitanda cha baba, katika wadi ya walioungua, mkoba wangu umepinduka na ufunguo umeangukia blanketi lake.

Kwa anayeanza kunisoma leo, mimi ni Nakhumicha. Nilikuwa sekretari katika kiwanda cha magodoro mtaa wa Baba Dogo. Baba yangu, Simiyu, alikuwa katika kiwanda hicho hicho, zamu ya usiku, mwaka wa kumi na tisa. Mlango wa nyuma ulikuwa umetiwa kufuli kwa sababu ya wizi wa sponji. Mchana ufunguo ulikaa kwangu. Nikitoka saa kumi na moja, kazi yangu ilikuwa kumkabidhi mlinzi, Mzee Mativo, naye atie sahihi kitabuni.

Ijumaa ile sikumpa. Nilikuwa na miadi ya kwenda Umoja kuona nyumba, nyumba yenye maji ndani na choo chake. Mzee Mativo alikuwa langoni akibishana na dereva wa lori. Sahihi yake nilikuwa nimeshaitia mwenyewe mezani, kama nilivyozoea, maana ilikuwa M moja na mstari. Ningengoja dakika tano tu.

Sikungoja. Nilijiambia, si mlango wa mbele upo.

Saa kumi na mbili na nusu moto ukaanzia mbele. Watatu hawakutoka: Nzivo wa mashine ya kukata, Nangila wa kushona, na Raho aliyekuwa na wiki mbili tu kazini. Baba alitolewa kupitia dirishani, mgongo umeungua, koo limejaa moshi. Mzee Mativo akakamatwa usiku huo huo, kwa kuwa kitabu kilisema ufunguo alikuwa nao.

Haya. Turudi wadini, Jumapili alasiri.

Baba aliutazama ufunguo. Akanitazama mimi. Hakuuliza ni wa nini. Alikuwa amesukuma mlango ule kwa bega akiwa na wenzake, na kufuli lake alilijua.

"Weka," akasema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Baba, mimi..."

"Weka, mama. Ndani kabisa."

Nikauokota. Zipu ya mkoba ikanishinda. Ulionifungia ni mkono wa mtu mwingine.

Ni Triza, amevaa sare yake ya unesi, ameshika bandeji tele mkononi. Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu tangu lini.

"Nenda nyumbani, Naku," akasema. "Nataka kumsafisha mzee, na hutapenda kuona."

Triza na mimi tulisoma pamoja. Tulipokuwa kidato cha nne, mwaka wa tisini, mwalimu wetu wa ushauri, Bi Mwongeli, alitugawia karatasi. Akatuambia, "Msiniulize kazi gani ni nzuri. Niambieni kwanza mnataka kuishi vipi. Ikifika jioni, unataka uwe wapi? Ukishajua hapo, tafuta kazi itakayokufikisha."

Mimi sikufikiri hata kidogo. Niliandika: nyumbani, kabla jua halijatua. Nyumba yenye maji. Jumamosi na Jumapili ziwe zangu.

Nilikuwa nimekua bila baba. Alikuwepo, ndiyo, lakini nilimjua kama mgongo uliolala mchana, na sisi tunanong'ona chumba kizima ili asiamke. Siku ya kuimba kwetu kanisani hakuja. Siku mama alipoanguka kwa uchungu wa kuzaa hakuwepo, alikuwa kazini. Niliapa kwamba mimi sitaishi hivyo.

Triza aliandika kwamba anataka, mtu akiumia mbele yake, ajue la kufanya. Nilimcheka.

Sote wawili tuliitwa kusomea uuguzi. Yeye alienda. Mimi niliichana barua. Nani anataka zamu za usiku na kunawa damu Krismasi? Nikasomea kupiga chapa, na miezi mitatu baada ya kumaliza nikapata kazi Baba Dogo. Saa mbili mpaka saa kumi na moja. Nilijiona mjanja kuliko darasa zima.

Jumatatu nilirudi hospitalini, nikamkuta konstebo anatoka, anaingiza kalamu mfukoni.

"Huyo alitaka nini?" nikamwuliza Triza.

"Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba aitwe. Amesema ana taarifa."

Nikakimbia kitandani. Shuka lilikuwa limeinuliwa kwa chuma kama kibanda, lisimguse mgongo. Baba amelala kifudifudi, shavu kwenye mto.

"Baba, umewaambia nini?"

"Kwamba nilikuona ukimpa Mativo ufunguo."

"Lakini sikumpa!"

"Punguza sauti."

"Baba, Mzee Mativo ni rafiki yako. Mmekula sahani moja!"

"Najua nilichokula na nani," akasema. Kisha akakohoa mpaka Triza akaja na kunifukuza.

Nilitoka pale nikiwa na kitu ambacho naona aibu kukitaja. Lakini nilisema nitawasimulia yote. Nilikuwa nimetulia. Nilipanda gari la kurudi nyumbani Lucky Summer nikalala usingizi njiani, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mtu mwingine amenibebea. Hivyo ndivyo nilivyohisi.

Utulivu huo ulidumu siku mbili.

Jumatano bosi wetu, Bwana Naftaly, aliniita. Ofisi ilikuwa haijaungua. Ukuta mmoja tu ulikuwa na weusi wa moshi, na karatasi zote zilinuka sponji iliyoungua. Alifunga mlango.

"Naku, pole kwa baba."

"Asante, Bwana Naftaly."

"Wiki ijayo wanakuja watu wa serikali. Watakuuliza juu ya kitabu. Wewe utasema kitabu ni sawa. Sahihi ni ya Mativo. Basi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ile barua niliyokupa uchape, ya kutia kufuli mlango wa nyuma. Nakala yake iko wapi?"

"Kwenye faili."

"Itoe."

Nikamtazama.

"Kuna nafasi ofisi kubwa, Industrial Area," akaendelea, kama mtu anayezungumza juu ya hali ya hewa. "Wanahitaji sekretari wa mkurugenzi. Kazi inaanza saa mbili, inaisha saa kumi na nusu. Jumamosi hakuna. Na kuna nyumba ya kampuni, Umoja. Si ulikuwa unatafuta nyumba?"

Sikumbuki kama nilijibu. Ninakumbuka kwamba mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyeona chakula.

Niliitoa nakala ile kwenye faili. Sikumpa. Niliikunja nikaitia mkobani, pale pale ulipokuwa ufunguo. Nikamwambia bado naitafuta.

Nilipotoka langoni nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya jiwe, kikapu miguuni. Aliponiona akasimama.

"Ni wewe Nakhumicha wa ofisi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Kavata. Bibi yake Mativo. Nimetoka Kayole."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sikuja kukusumbua, mwanangu. Nimetoka kumwona kituoni. Amevimba miguu. Anasema hakupewa ufunguo siku ile. Nikamwambia labda umesahau wewe, umri umekwenda. Akakataa. Akasema, nenda kwa yule msichana wa Simiyu, ni msichana mwema, atakumbuka."

Nikaubana mkoba kwapani.

"Labda ulimpa mtu mwingine? Labda ulikuwa na haraka? Mtu anaweza kusahau. Hata mimi nasahau." Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa umepasukapasuka kwa kuosha sukuma wiki za kuuza. "Ukikumbuka lolote, waambie. Hata kidogo. Pale ndani hatamaliza mwezi."

"Nitajaribu kukumbuka, mama," nikasema.

Akanishukuru. Mwanamke yule akanishukuru! Akafungua kikapu akanipa maembe mawili, akasema nimpelekee baba.

Alhamisi nilienda hospitalini nimeamua.

"Baba, waite polisi tena. Waambie ulikosea."

"Hapana."

"Mke wa Mativo amekuja kwangu. Mzee anaumwa huko ndani."

"Na wewe ukiingia huko utatoka vipi?" Alijaribu kugeuza kichwa anione, akashindwa. Nikapiga magoti sakafuni ili macho yetu yalingane. "Watu watatu wamekufa, Naku. Watakupa miaka mpaka uzeeke."

"Lakini ni mimi!"

"Mativo amekwisha ishi. Mimi nimekwisha ishi. Wewe una miaka ishirini na minne."

"Mimi sikukuomba uniibie maisha ya mtu mwingine, baba! Kazi ile niliichagua mwenyewe. Maisha yale niliyachagua mwenyewe. Makosa pia ni yangu."

Baba akacheka kidogo, cheko ambalo lilimuumiza.

"Uliichagua?"

"Ndiyo."

"Uliandika barua ngapi za kuomba kazi mwaka ule?"

"Nyingi. Arobaini. Hamsini."

"Wangapi walikujibu?"



"Mmoja," nikasema.

"Mwaka ule nilikuwa nimepewa zamu ya mchana," baba akasema. Alikuwa akisema maneno mawili, anapumzika, mengine mawili. "Baada ya miaka kumi na tatu. Nilikuwa nirudi nyumbani jioni kama watu. Nikaenda kwa Naftaly. Nikamwambia, nibakize usiku mpaka nistaafu. Usiku watu ni wagumu kupatikana. Ila umwandike msichana wangu ofisini."

"Baba..."

"Nilisoma ile karatasi yako ya shule. Uliiacha mezani. Uliandika unataka kufika nyumbani kabla jua halijatua." Akafumba macho. "Nikaona, sawa. Mmoja wetu afike."

Nililia pale sakafuni mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaacha kuzungumza. Miaka sita nilikuwa nikipishana naye langoni, mimi natoka, yeye anaingia. Nilikuwa nikimpungia mkono haraka haraka. Siku nyingine hata sikumpungia. Na moyoni nilikuwa nikisema, yule ni mtu aliyependa kiwanda kuliko watoto wake.

Triza aliniinua. Alinitoa hadi koridoni akanikalisha kwenye benchi.

"Nimesikia," akasema.

"Yote?"

"Pazia si ukuta, Naku."

"Utaniambia nifanye nini?"

"Mimi? Mimi nafunga vidonda." Akapangusa uso kwa mkono wa sare. "Lakini nitakwambia kitu kimoja kama nesi. Mapafu ya mzee yanajaa. Daktari ameyaona kwenye picha. Kama una neno unataka alisikie, usingoje wiki ijayo."

Sikulala. Ijumaa asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani, nikachukua mkoba, nikaenda kituo cha polisi. Niliweka ufunguo mezani mbele ya inspekta. Nikaweka na nakala ya barua ya Bwana Naftaly. Nikasema yote, tangu ile M na mstari mpaka nyumba ya Umoja. Sauti yangu haikutetemeka. Nilijishangaa.

Inspekta alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi kutoka chini ya kitabu kikubwa.

"Baba yako ni Simiyu?"

"Ndiyo, afande."

"Ametuita tena jana jioni." Akasoma kwa sauti isiyo na haraka. "Anasema aliyotuambia Jumatatu ni uongo, alikuwa akijiogopea. Anasema yeye mwenyewe alichukua ufunguo kwenye meza yako saa kumi na moja kasoro dakika chache, akakuahidi atampa Mativo. Akatia sahihi ya Mativo kwa mkono wake. Akautia mfukoni, akasahau. Nguo zake zikaungua nao."

"Si kweli! Ufunguo si huu hapa?"

"Naona." Akaugeuza ufunguo kwa ncha ya kalamu. "Mativo nimemwachilia asubuhi hii. Sasa nina watu wawili wanaogombania kosa moja. Mmoja anadanganya, na kuidanganya polisi ni kosa pia. Unanielewa, binti?"

"Ninaelewa."

Akavaa kofia. "Twende tukamwulize mbele yako."

Tulipofika wadini Triza alitupokea mlangoni. Aliniangalia, akamwangalia inspekta, akaelewa.

"Dakika tano tu," akasema. "Hana pumzi. Na ana mgeni."

"Mgeni gani?" inspekta akauliza.

Nilimwona kabla Triza hajajibu.

Mzee Mativo alikuwa ameketi kando ya kitanda cha baba. Bado alikuwa na lile shati la kazi, shingo imechafuka kwa siku saba za kulala kwenye saruji. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikumwingia, amevaa kandambili. Mkononi alikuwa na kikombe cha uji na kijiko. Alikuwa akimlisha baba polepole, anapangusa kidevu kwa kitambaa, anangoja ameze, anamlisha tena.

Aliponiona alitabasamu.

"Ah, msichana wetu. Karibu, karibu. Bibi yangu amepika uji wa wimbi, anasema unatia nguvu."

"Mzee Mativo," nikasema, "umetoka."

"Nimetoka. Baba yako amenitoa." Akamgusa baba begani, palipo na ngozi nzima. "Alikosea, akaogopa, kisha akasema. Watu wengi hawasemi. Mimi ningekaa naye na kinyongo, nipate nini? Angalia alivyo."

Baba alikuwa ameniona. Alikuwa amemwona na inspekta nyuma yangu. Macho yake yaliniomba. Sijawahi kuombwa vile na mtu yeyote. Akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Mzee Simiyu," inspekta akasema, "binti yako ana maelezo tofauti. Binti, sema."

"Msimsikilize," baba akanong'ona. "Ana uchungu. Hajui anachosema."

"Sema," inspekta akarudia.

Ningeweza kunyamaza. Hapo, mlango ulikuwa bado wazi. Mzee Mativo yuko huru, baba anakaribia kuondoka na kosa lake la kuazima, na mimi ningerudi nyumbani kabla jua halijatua maisha yangu yote.

Nikamsogelea Mzee Mativo. Nikapiga magoti, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kusimama mbele yake.

"Mzee, baba hakuwahi kuushika ufunguo. Nilikuwa nao mimi. Nilikuona langoni ukibishana na yule dereva, nikapita. Sahihi yako niliitia mimi. Ulipokuwa unapiga kelele nje ya ule mlango, ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, Umoja, nikiangalia bomba la maji."

Nikamaliza.

Mzee Mativo hakunitazama hata. Alikiweka kijiko ndani ya kikombe, akakiweka kikombe sakafuni, mbali kidogo na kitanda. Akakitazama kitambaa alichokuwa akimpangusia baba, akakikunja, akakitia mfukoni mwake.

Kisha akainama mpaka uso wake ukakaribiana na uso wa baba.

"Simiyu," akasema kwa upole, "ile Jumatatu, ulipowaambia ni mimi, ulikuwa umeshajua?"